Mgao wa Nyumba Kabla ya Theluji

Alikuwa akitania, au hakuwa akitania? Nimekaa na swali hili kwa miaka mingi na bado sina jibu. Kila mwaka, majani yalipoanza kupukutika, mzee mmoja wa Kitanzania alisimama katikati ya shamba moja nje ya Markham, karibu na Toronto, Kanada, amevaa koti la suti juu ya sweta mbili na mabuti ya mpira, akawatangazia kuku mgao wa nyumba zao za majira ya baridi. Hakutabasamu. Aliwataja kwa makundi, akaeleza vigezo vilivyotumika, akawakumbusha kwamba uamuzi ni wa mwisho, kisha akauliza kama kuna mwenye malalamiko. Akasubiri. Aliwapa muda wa kutosha kabisa. Kuku walipokosa la kusema, alifunga mkutano.

Tulimwita Afisa Nyumba, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake Dodoma: kuwagawia watumishi nyumba za serikali. Jina lake tulilijua, lakini hakuna aliyelitumia, na sioni sababu ya kuanza leo. Mimi nilikuwa dereva wake wa Jumamosi. Nilikuwa na shahada ya falsafa na kazi ya kukagua madai ya bima, na mchanganyiko huo ulimfurahisha sana. Aliniita Msomi, hasa nilipokuwa nimebeba mavi ya kuku.

Nitamwelezea bila kufuata mpangilio wa miaka, kwa kuwa hata yeye hakuwahi kujisimulia hivyo. Ila jambo moja nalitanguliza. Alikuwa na makundi matatu ya kuku katika nyumba tatu, na kwa maisha yake yote alikuwa amekataa kuweka familia mbili chini ya paa moja. Kisha ukaja mwaka ambao ilimbidi achague: ama wote waingie nyumba moja kabla ya theluji, ama asiwe na kuku tena. Mengi ninayoyakumbuka juu yake nayakumbuka kwa sababu ya mwaka huo.

Kuku wake hawakuanza kama mradi. Walianza kama shukrani. Familia mpya ilipofika Toronto na kuhangaika na wenye majengo, Afisa Nyumba ndiye aliyeambatana nayo. Alikagua mabomba, akafungua na kufunga madirisha, akamuuliza mwenye jengo maswali kwa Kiingereza cha ofisini ambacho vijana wa pale hawakuwa wamekisikia popote. Familia ikishahamia, ilitaka kumshukuru. Na huko tulikotoka sisi, mtu aliyekupatia mahali pa kulala humwendei mikono mitupu wala humpelekei kadi. Unampelekea kuku, na kuku huyo awe hai.

Kwa hiyo kuku walinunuliwa minada ya nje ya mji, wakafichwa kwenye maboksi, wakapandishwa kwa lifti hadi fleti yake ya Mount Dennis, mjini Toronto. Kuku wa kwanza alikaa siku kadhaa ndani ya beseni la kuogea. Afisa alioga kwa ndoo, ukumbini. Nilipomuuliza kwa nini asimchinje, alinitazama kama mtu aliyesikia tusi kanisani.

"Kuku wa shukrani hachinjwi mwaka aliofika. Anatakiwa kwanza atage, aonekane amekaa."

"Na jirani akisikia anawika?"

"Ni mtetea, Msomi. Mtetea hawiki. Mlifundishwa nini?"

Aliyemwokoa ni rafiki yake wa tangu Dodoma, mzee wa Kiismaili aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi kule na ambaye sasa alikuwa na kipande cha ardhi kaskazini ya Markham. Afisa alimwita Tajiri, kama wenye maduka walivyoitwa zamani, na hakuacha kumwita hivyo hata alipomkuta amelala kifudifudi chini ya trekta anatafuta nati. Tajiri ndiye aliyekuwa akiiuzia ofisi ya nyumba vitasa, na urafiki wao ulisimama juu ya ugomvi wa vitasa hivyo.

"Vitasa vyako, Tajiri, vilifunguka kwa kijiko."

"Na nyumba zako, Afisa, zilikuwa na nini cha kuiba?"

"Kulikuwa na watu ndani."

"Basi hao watu waliiba vijiko."

Waliweza kuendelea hivyo asubuhi nzima bila mmoja wao kucheka. Mke wa Tajiri, kabla hajafariki, alikuwa akifunga dirisha la jikoni.

Kufikia msimu wangu wa pili wa kumwendesha, makundi yalikuwa matatu. La kwanza aliliita Wastaafu: mitetea ya kahawia iliyotolewa kwenye shamba kubwa la mayai baada ya kupunguza kutaga. La pili lilikuwa la jogoo mmoja na wake zake, kuku wa rangi mchanganyiko ambao Tajiri aliwapata kwa mkulima jirani. La tatu lilikuwa la Wageni, yaani kuku wa shukrani, kila mmoja akiitwa kwa jina la familia iliyomleta. Ulikuwa unaweza kusikia Afisa akisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba Mama Neema anaharisha, na ukahitaji muda kidogo kuelewa.

Makundi hayo hayakuchangamana. Mtu asiyefuga anaweza kudhani kuku ni kuku tu. Ukweli ni kwamba kila kundi lina ngazi zake. Kila kuku anajua nani amdonoe na nani asimguse, na mgeni akiingizwa hapo anaanzia chini kabisa. Mara moja tu Afisa alijaribu kumweka mtetea mmoja wa Wageni kwa Wastaafu. Tulimtoa akiwa na damu kichwani. Afisa alimpaka vaselini, akasema, "Wamemuuliza tarehe ya kuajiriwa."

Kwa hiyo kila kundi lilikuwa na nyumba yake: banda la mbao nyuma ya nyumba ya Tajiri, gereji ya zamani, na kibanda cha zana karibu na miti. Banda la mbao ndilo lililopata jua la kusini, na jua la kusini katika Januari ya huko ni kitu ambacho watu wangepigania mahakamani. Afisa aliwapa Wastaafu. Aliwapa kila mwaka.

Tajiri hakuwahi kukubali. "Afisa, anayetaga ndiye apewe jua. Hawa mabibi wanakula tu."

"Umri wa utumishi."

"Utumishi gani? Hawakukutumikia wewe. Walimtumikia mzungu huko."

"Utumishi unahamishika, Tajiri. Ungekuwa serikalini ungejua."

Haikuwa kwamba alijua kila kitu. Msimu wa kwanza alikosea vibaya, na kosa lake lilikuwa letu sote, watu wa kutoka mahali ambapo baridi ni kitu cha kufungia nje. Kwetu vifaranga hulelewa kwa jiko la mkaa katikati ya uzio wa duara, na yeye alitaka jiko la mkaa ndani ya banda. Tajiri alikataa katakata. Alisema kuku watakufa kwa moshi kabla hawajafa kwa baridi, kisha banda litaungua na yeye atabaki anajieleza kwa watu wa bima. Akanigeukia. Nilithibitisha, kwa sauti ya kazini, kwamba atajieleza sana.

Basi Afisa akafanya kile ambacho kila mmoja wetu angefanya. Aliziba. Aliziba nyufa kwa nailoni, akaziba matundu ya hewa yaliyo juu, akatundika mablanketi mlangoni, na kwenye dirisha akapigilia kitenge cha maua. Ukiingia ulihisi joto la watu wengi msibani. Alijivunia sana. Baada ya siku chache za baridi kali tulikuta kuta zinatiririka maji na maranda ya sakafuni yameloa, na jogoo amesimama pembeni, ncha za undu wake, ile nyama nyekundu ya kichwani, zimekuwa nyeusi. Pumzi za kuku wenyewe, zilizokosa pa kutokea, ndizo zilizoganda juu yake. Kuku, kumbe, anaistahimili baridi vizuri akiwa mkavu. Unyevu ndio unaomharibu.

Afisa alivua kofia. Alimwomba jogoo radhi kwa maneno ambayo sijawahi kumsikia akimwambia binadamu, kisha akapanda ngazi kwa mikono yake, akang'oa nailoni yote ya juu. Tangu hapo sheria yake ilikuwa hewa juu, ukavu chini, na fito za kulalia pana kiasi cha kuku kukalia vidole vyake na kuvifunika kwa manyoya. Aliieleza sheria hiyo kwa kila aliyemtembelea, hata waliokuja kumpa pole ya msiba wa mkewe.

Alikuwa na mikinzano yake, kama kila mtu. Mtu huyu aliyemkatalia Tajiri kumchinja hata mtetea aliyezeeka, alinisimamisha kila Jumamosi wakati wa kurudi mbele ya duka la kuku wa kukaanga. Alikula mapaja mawili ndani ya gari langu, taratibu, akifuta vidole kwa leso. Nilimuuliza mara moja tu kama haoni ugumu.

"Huyu sikumgawia nyumba," alisema.

Alikuwa mkali kwa haki, lakini mtetea mmoja wa Wageni aliyekuwa akichechemea alihamishwa kimya kimya karibu na maji kila mwaka, nje ya utaratibu. Alidharau simu za mkononi, ila alimpigia Tajiri kila siku kuuliza hali ya hewa ya shambani, ilhali ilikuwa ileile aliyokuwa akiiona dirishani kwake. Wajukuu zake walimwelewa anapozungumza Kiswahili, wakamjibu kwa Kiingereza. Naye aliwaelewa, akaendelea na Kiswahili. Mazungumzo yao yalikwenda vizuri kuliko ya watu wengi ninaowajua.

Juu ya kanuni yake kuu hakutania hata kidogo. Zamani, Dodoma, wakubwa walimtaka aweke familia mbili mbili katika nyumba moja kwa sababu watumishi walikuwa wengi na nyumba chache. Alikataa, na kukataa huko kulimchelewesha vyeo. "Vyumba watu watagawana," aliniambia. "Hata choo watagawana. Jiko hawagawani. Ukiona wanawake wawili wanapika jiko moja na hawagombani, ujue mmoja wao ameshakata tamaa."

Ndiyo sababu alikuwa akiishi peke yake Mount Dennis, ingawa binti yake, muuguzi, alikuwa na nyumba kubwa Markham na chumba kilichomsubiri tangu alipofiwa na mkewe. Nyumba ile ilikuwa na jiko moja. Tena lilikuwa jiko jeupe, la kupigia picha, ambamo dagaa hawakuruhusiwa kuingia hata wakiwa wamefungwa. Afisa alikuwa akienda Krismasi, akala, akasifu chakula, akarudi kwake kupika ugali.

Halafu akaanguka. Majira ya baridi maji ya kuku huganda, na njia iliyopo ni kuwapelekea ya uvuguvugu mara kwa mara. Alikuwa na birika mkononi, anatoka gereji kwenda kibanda cha zana, barafu ikiwa chini ya theluji nyepesi. Tajiri alimkuta amelala chali, birika ameliweka wima ubavuni ili maji yasimwagike. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Alipasuliwa, akafundishwa kutembea upya kwa fremu ya chuma, na hakulalamika kwa lolote isipokuwa kwamba wodini kwao wagonjwa walipangwa bila vigezo. Majira ya kiangazi tuliwahudumia kuku mimi na Tajiri. Vuli ilipofika, binti yake alikuja shambani na kuzungumza mbele yetu sote, amesimama kwenye majani kwa viatu vya kazini.

"Baba, mwaka huu hapana. Nyumba tatu, njia tatu, barafu. Daktari ameshasema ukianguka tena hatuna la kufanya. Kuku waondoke."

"Waende wapi?"

"Popote. Watu wachukue."

"Kuku wa shukrani harudishwi. Utamwambia nini Mama Neema?"

"Nitamwambia baba yangu yuko hai."

Tajiri alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Mimi nina neno," alisema. "Hapa getini kuna zizi la farasi, limejaa takataka zangu. Nitalitoa. Kubwa, kavu, madirisha juu. Wote wakikaa humo, mimi nitawapa maji kila siku. Lakini mimi pia mzee, Afisa. Mlango mmoja naweza. Mitatu siwezi."

Binti alifikiri. "Sawa. Lakini na wewe Baba uje kwangu. Kutoka kwangu hadi hapa ni karibu, nitakuleta mwenyewe, utakaa kwenye kiti uwaangalie. Ukibaki kule peke yako, najua utapanda basi uje. Hayo mawili yanakwenda pamoja."

Afisa Nyumba alitazama zizi, akamtazama binti yake, akasema atatoa jibu. Tuliondoka. Njiani hakutaka tusimame dukani.

Hakutoa jibu kwa wiki kadhaa. Tajiri alisafisha zizi, akapigilia fito pana, akamwaga maranda, akaacha madirisha ya juu wazi. Asubuhi nyasi zilianza kuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Nilipomgusia Afisa, alisema suala liko mezani. Nilijua linalomsumbua. Akiwaweka pamoja, Wastaafu watawapiga Wageni au jogoo atawapiga wote. Na akiwagawa kwa wavu, alisema, hiyo si nyumba, ni mahabusu. Nilijua pia kwamba hakuwa akiwaza kuku peke yao.

Ijumaa moja jioni nilikwenda kwake baada ya kazi. Ilikuwa miezi mingi tangu nimwone amesimama bila kushika kitu, na hata siku hiyo alikuwa ameegemea kabati huku akikaanga dagaa. Ndoo za vitu vyake vya jikoni zilikuwa sakafuni, sikujua zimetolewa au zinapangwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Msomi, lile zizi ni la nani?"

"La Tajiri."

"Nauliza kwa upande wa kuku."

"Hakuna kuku aliyewahi kukaa pale."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Walikaa farasi, zamani."

Aligeuza dagaa. Aliwageuza muda mrefu kuliko walivyohitaji. "Yule mtetea walimtoa damu kwa sababu alikuta wenyewe," alisema. "Nilimpeleka kwenye nyumba ya watu. Lakini pale zizini hakuna mwenyewe. Wakiingia wote siku moja, saa moja, kwa mlango mmoja, nani atamuuliza mwenzake tarehe ya kuajiriwa?"

"Na umri wa utumishi?"

"Unafutwa," alisema, na nikaona ilivyomgharimu. "Wote wanaanza kazi kesho."

Akaniomba simu yangu, kwa kuwa yake hakuipenda. Alimpigia binti yake akiwa na mwiko mkononi, na sauti ya binti ilijaa jikoni mule.

"Hapo kwako, jikoni kuna nani?"

"Baba? Umeshakula?"

"Nimeuliza jikoni kuna nani."

"Mimi. Nani mwingine?"

"Ndiyo tatizo lenyewe."

Nilisikia maji ya bomba yakifungwa upande wa pili. "Baba, kuna gereji," binti alisema. "Kuna jiko la gesi la kambi, na meza. Ukifungua mlango mkubwa unapika unachotaka. Hata dagaa. Hakuna mwingine atakayepika humo, nakuahidi. Watoto nitawakataza."

"Watoto wasikatazwe. Wabishe hodi tu."

"Watabisha."

"Ina hewa juu?"

"Baba, ni gereji."

"Nimeuliza kama ina hewa juu."

"Ina hewa, Baba."

Alitafakari kama mtu anayekagua ramani. "Basi njoo unichukue kesho. Usije huku, njoo shambani. Msomi ataleta mizigo." Akanirudishia simu bila kuikata, akazima jiko, akanipakulia. Tulikula. Dagaa walikuwa wameungua kidogo.

Asubuhi kulikuwa na baridi ya kukunja vidole. Mimi na Tajiri tulikuwa tumeshawakamata kuku kwenye nyumba zao tatu na kuwapanga mbele ya zizi ndani ya matenga ya plastiki, kila kundi likilalamika kwa lahaja yake. Afisa Nyumba aliketi kwenye kiti karibu na mlango, fremu yake ya chuma mbele ya magoti. Binti yake alifika, akaacha gari likinguruma, akaja kusimama nyuma ya kiti.

"Fungueni yote kwa pamoja," Afisa alisema. "Asitangulie mtu."

Tulifungua kwa kadiri ya mikono yetu. Kwa muda kidogo hakuna aliyetoka. Kisha wakamwagika wote, kahawia na weusi na wa madoa, wakapita mlangoni wakikanyagana, na huwezi kusema nani aliingia wa kwanza. Ndani kulisikika mpapatiko na kelele. Tajiri aliingiza kichwa.

"Afisa, wanapigana!"

"Wanapigana vipi?"

"Bibi mmoja anampiga jogoo."

"Na wengine?"

"Wengine wanakula."

"Funga mlango," alisema Afisa Nyumba. "Madirisha ya juu usiyaguse."

Binti alimshika kwapani, akamnyanyua. Nilihamisha ndoo zake na begi kutoka gari langu hadi buti ya gari la binti, nikakunja ile fremu, nikailaza juu ya mizigo. Afisa alikaa kiti cha mbele, akajifunga mkanda mwenyewe. Gari lilitoka getini likaelekea Markham, na Tajiri akachukua birika la maji ya uvuguvugu, akaingia kwa mlango mmoja.